Ndege ikianza kurukaruka, mhudumu akae lini?

*"Nina miezi minane kazini kama mhudumu wa ndege. Naishi Magongo, na safari zangu karibu zote ni Mombasa na Nairobi, mara mbili hadi nne kwa siku. Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunashuka kuja Mombasa, saa tisa alasiri, taa ya mkanda imeshawaka. Nilikuwa nyuma jikoni nafunga toroli la mwisho. Ndege ikadumbukia kwenye shimo la hewa. Nikagonga kichwa kwenye kabati, nikaangukia mguu wa kulia. Sikuzirai. Niliinuka nikaendelea mpaka abiria wa mwisho akashuka, na sikumwambia mtu. Kifundo bado huvimba kila jioni. Kuna bibi mtaani ananikanda kwa mafuta ya nazi. Dada mmoja mkongwe kazini aliniambia kosa langu ni kutojua kusimama: mtu hupanua miguu, hukunja magoti, hushikilia toroli, na kwamba mhudumu anayekaa kila ndege ikitikisika hadumu. Mamangu naye anataka niache kazi kabla ndege haijavunjika angani. Nisimame vipi? Kuna viatu au mkanda wa kiuno unaosaidia? Na kwa nini rubani asituambie mapema ilhali ana rada?"*

Pole sana, dadangu. Nitaanza na mguu, kwa sababu huo hauwezi kungoja mpaka mwisho wa jibu.

Kifundo kilichoteguka huweza kuvimba jioni kwa wiki kadhaa, na mfupa uliopata ufa huvimba vivyo hivyo. Kwa kutazama tu huwezi kujua ni kipi. Kaa kitandani, weka mguu juu, ubonyeze kwa kidole yale mafundo mawili ya mfupa pande mbili za kifundo, hasa ukingo wa nyuma, ukipanda taratibu kama sentimita sita. Kisha bonyeza ubavu wa nje wa unyayo, pale katikati penye kijifupa kilichotokeza, na upande wa ndani mbele ya kifundo. Ukiruka kwa maumivu juu ya mfupa wenyewe, au kama siku ile ulishindwa kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, unahitaji picha ya eksirei. Hata usipopata maumivu hayo, wiki tatu za uvimbe zinatosha kumwona daktari wiki hii, iwe Hospitali Kuu ya Pwani au kokote kuna mashine na mtu wa kusoma picha. Na umwombe bibi asimamishe kukanda mpaka picha isomwe. Mkono wake unaweza kuwa mzuri kwa misuli, lakini mfupa wenye ufa ukikandwa unaweza kusogea.

Kichwa nacho ukiangalie. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu na dalili zikaja baada ya wiki. Kichwa kinachouma kila siku zaidi ya jana, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu kulegea: lolote katika hayo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Mgongo pia. Maumivu katikati kabisa ya uti wa mgongo, ganzi miguuni au shida ya kuzuia mkojo hayasubiri asubuhi.

Jambo la pili la haraka ni kuripoti. Umeumia kazini, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inakulinda, ila ni lazima mwajiri ajue. Mpe taarifa kwa maandishi: tarehe, namba ya safari, mahali uliposimama, kilichotokea, nani alikuwa karibu. Akishaipokea ana siku saba za kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai la fidia linatakiwa liwe limewasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Wiki tatu si kuchelewa. Baki na nakala yako, na cheti cha daktari ukiambatanishe.

Sasa swali lako lenyewe: usimame vipi. Hakuna namna ya kusimama, dadangu. Huyo mwenzako mkongwe anakutakia mema, na kwa mtikisiko mdogo magoti yaliyokunjwa yanasaidia. Lakini kilichokuangusha wewe hakishindwi na magoti ya mtu yeyote, awe na miezi minane kazini au miaka thelathini.

Fikiria matatu inayopita tuta kwa kasi, nawe umekaa kiti cha mwisho nyuma. Gari linashuka upande wa pili wa tuta lakini mwili wako bado unaendelea kwenda juu, kwa hiyo kwa kitambo kidogo kiti kinakukimbia. Kisha kinarudi kukupiga. Ndege hufanya hivyohivyo kwa nguvu kubwa zaidi. Hewa inayoshuka huisukuma chini haraka kuliko wewe unavyoanguka, na kwa asiyefunga mkanda ni kama dari limeshuka kumfuata. Sekunde moja au mbili baadaye hewa inageuka, sakafu inapanda, na wewe unaikuta njiani ukiwa unashuka. Ndiyo maana majeraha ya wahudumu hufuata mtindo uleule: kichwa na shingo kwanza kwa sababu ya dari au kabati, kisha vifundo, magoti na uti wa mgongo kwa sababu ya sakafu. Maelezo yako yanafuata mpangilio huo neno kwa neno.

Kipimo chake kinajulikana. Tarehe 21 Mei 2024, Boeing 777 ya Singapore Airlines, safari SQ321 kutoka London kwenda Singapore, ilikutana na msukosuko mkali juu ya Myanmar ikiwa futi 37,000. Data iliyosomwa na wachunguzi ilionyesha kwamba rubani alisikika akisema taa ya mkanda imewashwa, na sekunde nane tu baadaye nguvu iliyowakandamiza watu sakafuni, mara 1.35 ya uzito wao, iligeuka kuwa mara 1.5 kuelekea darini. Mgeuko huo ulichukua sekunde 0.6. Ndani ya sekunde nne zilizofuata ikageuka tena, ikawabwaga waliokuwa hewani. Ndege ilipoteza futi 178, kama mita 54. Abiria mmoja alifariki na makumi wakaumia.

Chukua namba hiyo ya 1.5 uiweke kwenye mwili wako. Kama una kilo 60, ili ubaki sakafuni kwa kushika kitu ungehitaji mikono inayovuta kilo 90, tena bila onyo, ndani ya muda wa kupepesa jicho mara mbili. Na kile unachokishika kikiwa toroli, hali ni mbaya zaidi. Toroli kubwa lililojaa vinywaji linaweza kukaribia kilo 100. Breki yake, ile unayokanyaga pedali nyekundu, hufunga magurudumu yasizunguke, nayo hung'ang'ania sakafu kwa sababu ya uzito wa toroli. Uzito huo ukiondoka, breki haina cha kushika. Breki huzuia toroli kubingirika, haizuii toroli kupaa. Mnapanda pamoja, na mkirudi chini kuna nafasi kubwa kwamba litakuwa juu yako.

Kuna na suala la mahali. Ulikuwa nyuma kabisa. Katikati ya ndege, karibu na mbawa, mtikisiko huwa mdogo kuliko kwenye mkia, kwa sababu ileile inayofanya kiti cha nyuma cha matatu kiwe na adhabu. Jiko la nyuma ndilo lenye vyuma vingi, kingo nyingi na makabati mazito juu ya kichwa, na ndilo linalorushwa zaidi. Anayefanya kazi huko anatakiwa awe wa kwanza kukaa. Mazoea yamegeuza jambo hili: wa nyuma ndiye anayebaki akimalizia.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichapisha mwaka 2021 utafiti wake juu ya ajali za mashirika ya ndege nchini humo kuanzia 2009 hadi 2018. Zaidi ya theluthi moja ya ajali hizo zilihusu msukosuko wa hewa, na karibu wanne kati ya kila watano walioumia vibaya walikuwa wahudumu, ingawa wahudumu ni wachache mno ndani ya ndege. Hawaumii kwa kuwa hawajui kazi. Wanaumia kwa kuwa abiria wamefungwa na wao wako wima. Utafiti huohuo uliona kwamba wahudumu wengi huumia ndege ikiwa inashuka, wakati wa kuandaa kabini kwa kutua, na ukapendekeza wawe wameketi na kufunga mikanda mapema zaidi, hata kuanzia futi 20,000. Kwa ndege inayotoka Nairobi, kwa makadirio, hapo iko kati ya Voi na Mackinnon Road, kama dakika kumi na tatu hivi kabla ya magurudumu kugusa ardhi. Jiulize siku ile wakati huo ulikuwa unafanya nini.

Tuje kwenye shimo la hewa. Neno hili tumelizoea, lakini angani hakuna shimo. Hewa imejaa kila mahali. Tofauti ni kwamba mahali fulani inapanda na hatua chache mbele inashuka. Kwenye njia yako zipo sababu kadhaa. Joto la mchana juu ya nyika ya Tsavo huinua hewa kwa mafungu, na ndiyo maana safari ya saa kumi na mbili asubuhi huwa shwari kuliko ya saa tisa alasiri. Mafungu hayo yakipata unyevu wa kutosha, hasa miezi ya masika na ya vuli, huwa mawingu marefu ya radi ambayo ndani yake hewa hupanda na kushuka kwa kasi ya kutisha. Upepo mkali ukivuka Kilimanjaro au vilima vya Taita hutengeneza mawimbi upande wa pili, mfano wa maji yanayopita juu ya mwamba. Na mchana, upepo wa baharini unapoingia nchi kavu na kukutana na hewa yenye joto, ndege inayokaribia uwanja wa Moi huipitia hapohapo mpaka wa hewa hizo mbili, ikiwa chini na mwendo umeshapunguzwa.

Rada ya rubani haioni hewa. Hutuma mawimbi ambayo hurudi yakigonga matone ya maji, kwa hiyo inaona mvua iliyo ndani ya wingu. Wingu kubwa la radi rubani ataliona, na kanuni njema ni kulipita kwa mbali, maili 20 za baharini au zaidi likiwa kali, yaani kama kilomita 37. Lakini wingu changa linalokua kwa kasi bado halina matone makubwa na huonekana dogo kwenye kioo. Hewa kavu inayochafuka pembeni ya wingu, nyuma ya mlima au kwenye anga jeupe kabisa hairudishi chochote. Hapo rubani hutegemea utabiri na ndege iliyotangulia kumwambia alichokikuta. Asipotangulia mtu, yeye na wewe mnajua wakati mmoja. Kwa hiyo usimlaumu kwa kutokuonya, ila pia usifanye kazi kana kwamba ataonya daima.

Na umwambie mama hivi. Mbawa za ndege ya abiria husanifiwa kubeba mara 2.5 ya mzigo wake wa kawaida, kisha sheria hudai zihimili mara moja na nusu ya kiwango hicho bila kuvunjika. Mbawa za Boeing 777 zilipopindwa kwenye jaribio mwaka 1995 mpaka zikatike, zilikatika kwenye asilimia 154 ya kiwango cha juu kinachotarajiwa angani. Mama ana haki ya kuhofia. Ila hofu aiondoe kwenye mbawa na aielekeze kwenye mkanda wako, kwa sababu ndege itatua nzima na watakaobebwa kwa machela ni wale waliokuwa wamesimama.

Basi, ukae lini? Kipimo unacho mkononi: kikombe cha chai. Chai ikitikisika ndani ya kikombe bila kumwagika, mtikisiko ni mdogo. Funga toroli usilolitumia, acha kumimina vya moto, mkono mmoja uwe huru wakati wote. Chai ikimwagika, toroli likikataa kwenda moja kwa moja au ukilazimika kushika migongo ya viti ili utembee, umeshafika kiwango cha kati, na hapo kazi imekwisha. Hakuna kurudi jikoni kutoka safu ya kumi ukisukuma toroli kwa mteremko. Kanyaga breki hapohapo, ingiza majagi ya moto ndani ya toroli au yaweke sakafuni, kaa kwenye kiti chochote kilicho wazi ufunge mkanda. Kama toroli liko hatua mbili kutoka mahali pake, liingize, geuza komeo la kwanza na la pili, kisha kaa. Vitu vikianza kuinuka vyenyewe, hakuna cha kuokoa isipokuwa mwili wako.

Kiti kikikosekana, nenda sakafuni. Wahudumu wengi hawafanyi hivi kwa aibu, nami nakuomba ulifanyie mazoezi nyumbani mpaka mwili ulizoee. Kwenye ujia, kaa chini kabisa, makalio sakafuni, pitisha mkono ndani ya mguu wa chuma wa kiti au chini ya egemeo la mkono na ujifunge kwa kiwiko, kwa sababu vidole huachia na kiwiko hakiachii upesi. Miguu isukume dhidi ya kiti cha upande wa pili. Waambie abiria walio karibu wakushike mabega na mkanda wa nguo; watu hufanya hivyo kwa moyo wote wakiombwa waziwazi. Kukaa mapajani mwa abiria aliyefunga mkanda pia kunakubalika, na hakuna atakayekumbuka adabu wakati huo. Jikoni, kaa mgongo ukiwa ukutani, mbali na uso wa matoroli na oveni, ukishika kishikio kilichofungwa ukutani. Ukinaswa chooni, funga kifuniko, kaa juu yake, shika kishikio, usitoke. Sakafuni bado unaweza kurushwa, nisikufiche, lakini asiye wima anaanguka kutoka chini, na vifundo havipokei uzito wote.

Kiti chako mwenyewe kikague kabla abiria hawajaingia, na ukikague kwa mkono. Kishushe ukiachie: kinatakiwa kijikunje chenyewe, kwani kisipojikunja kitaziba njia ya kutokea. Vuta mikanda ya mabega polepole itoke yote, tazama kama nyuzi zimechanika, kisha ivute kwa mshtuko mmoja, lazima ikwame. Isipokwama, haitakushika. Funga na ufungue kifungo mara mbili. Ukiketi, mkanda wa kiuno upite juu ya nyonga, chini ya tumbo, ukazwe kwanza, ndipo ya mabega. Wengi hufunga wa kiuno peke yake kwa sababu "tunakaa kidogo tu". Hapo kichwa kinabaki huru kugonga ukuta wa nyuma.

Jipime kwa saa siku ambayo ndege iko chini na tupu. Simama katikati ya kabini na toroli, mwenzako aseme "kaa", uone inakuchukua sekunde ngapi kulirudisha, kugeuza makomeo, kuketi na kufunga mikanda yote. Ukipata, tuseme, sekunde 70, na hapo hapana mtoto kwenye ujia wala mzee anayerudisha trei, utaelewa kwa nini sekunde nane hazitoshi kurudi jikoni na kwa nini nakusisitizia kiti cha karibu.

Vya moto vinahitaji neno lake. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde tano. Yakiwa nyuzi 70, sekunde moja. Chai na kahawa hutoka kwenye mashine ikiwa moto zaidi ya hapo. Jaza jagi theluthi mbili tu, kifuniko kikazwe, mimina ukiwa umeshika kikombe juu ya trei yako na si juu ya mapaja ya abiria. Jagi lisilotumika lirudi kwenye mashine na kizuizi chake kishushwe. Kwa safari ya Nairobi, ambayo muda wake wa kutulia juu ni mfupi, naona busara zaidi ni kutotoa chai kabisa alasiri za masika. Maji na juisi vinatosha. Mtu akiungua, toa pete na saa, mwagia maji baridi ya kawaida dakika 20 hata kama chupa kumi zitakwisha. Barafu usiweke moja kwa moja, wala dawa ya meno, wala mafuta.

Viatu: soli isiyoteleza, kisigino kifupi kipana, vidole vimefunikwa, na uvae hivyo mara tu mlango unapofungwa. Vinasaidia kwa kuteleza. Kwa kurushwa havisaidii. Mkanda wa kiuno unaouzwa maduka ya dawa usinunue kwa ajili hii. Hautakushikilia popote, na unaweza kukupa ujasiri usio na msingi.

Mtikisiko ukipita, usiinuke kwa kuwa kumetulia. Mawimbi ya hewa huja kwa makundi, na unaweza kuumia ukiinuka kwenda kumsaidia aliyeumia kwenye lile la kwanza. Ngoja neno la rubani. Piga simu ya ndani ukiwa umefungwa, useme nani yuko wapi na nani hajibu. Ukiruhusiwa kusimama, tazama kwanza makabati ya juu yaliyofunguka, kisha wanaotoka damu. Anayelalamika shingo au mgongo asiinuliwe. Na wewe mwenyewe ukiwa umeumia, sema. Siku ile ulitua ukiwa na kichwa kilichogongwa na mguu ulioumia, na ndiye uliyetegemewa kufungua mlango wa nyuma kama pangetokea moto. Mhudumu aliyeumia akinyamaza, rubani anadhani ana mtu kwenye mlango ule kumbe hana.

Nabaki na lile la "hadumu", ambalo nahisi ndilo linalokuuma zaidi. Sitakudanganya kwamba halina gharama. Ukiketi mapema kuna abiria watakaokosa kinywaji, baadhi watalalamika, na si kila kiongozi wa kabini atafurahi. Ukikaa kwa kila kutikisika kidogo, kazi haitafanyika, na hilo pia si sawa. Ndiyo maana nimekupa kipimo cha kikombe, ili uamuzi wako uwe na sababu unayoweza kuitamka. Lakini upande wa pili wa mizani ni kifundo chenye vyuma, miezi nje ya kazi, pengine mgongo ambao hautabeba tena hata mkoba. Baada ya SQ321, mwaka 2024, shirika lile lilitangaza kusimamisha huduma ya chakula, wala si vinywaji vya moto peke yake, kila taa ya mkanda ilipowaka. Soma kitabu cha taratibu cha shirika lako ukurasa wa msukosuko wa hewa. Taratibu nyingi humruhusu mhudumu kusimamisha huduma na kuketi kwa uamuzi wake, kisha kumjulisha rubani. Kama chenu kinasema hivyo, weka alama ukurasa huo. Kama kinakutaka uendelee taa ikiwaka na chai ikimwagika, peleka suala hilo kwa maandishi kwa idara ya usalama ya shirika, kupitia njia ya ripoti za usalama ambayo lazima iwepo.

Kuhusu kuacha kazi au kuomba ya chini uwanjani, usiamue ukiwa na mguu uliovimba. Pona, upimwe kama unaweza kusukuma mlango wa dharura na kushuka slaidi, ndipo uzungumze na mama. Ukijikuta unatetemeka kila ndege inapoanza kushuka, au hulali usiku wa kuamkia zamu, mtafute mshauri nasaha. Hali hiyo hutibika, na huwa ngumu zaidi ikifichwa.

Siku utakayorudi, kwenye kikao cha kabla ya safari, muulize rubani mambo manne: msukosuko unautarajia wapi, wa nguvu gani, utachukua dakika ngapi, na nani atatuambia tumeruhusiwa kusimama. Kisha ongeza ombi moja, mbele ya wenzako wote, kwa heshima na bila kuomba radhi: tukianza kushuka alasiri hii, jiko la nyuma liwe limefungwa na sisi wa nyuma tuwe tumeketi tukifika futi 20,000. Rubani wengi watakubali papo hapo.